Suspensheni ya inchi 2 kwenye Hilux Vigo kwa njia za viazi za Mbeya: nilichofunga na nilichokataa

Wakuu, tangu Vigo yangu ikae juu nikisimama sheli yoyote pale Uyole lazima mtu aje aulize, kaka hiyo umenyanyua inchi ngapi, na mimi namrudishia swali, gari yako inabeba nini na inapita wapi? Hizo inchi ni kitu cha mwisho kuamua. Wengi wanaanza nazo, ndio maana unakuta gari imenyanyuliwa imependeza kweli halafu ikipandishwa magunia matano inakaa kama mbwa, nyuma chini pua juu, na usiku anayekuja mbele yako haoni kitu kwa taa zako.

Gari yenyewe ni Vigo dabo kebini, dizeli ya 2.5, foo wili. Mbele ina mikono ya kushikilia kila tairi peke yake na koili springi, nyuma springi za majani na difu nzima, yaani ekseli moja inayounganisha tairi zote mbili. Kazi yake msimu wa viazi ni kutoa mzigo mashambani upande wa Kikondo kuleta mpaka Isyonje kwenye lami na kushuka Uyole, kurudi inabeba mbolea, katikati ya wiki inazunguka mjini tupu, na siku nyingine familia wanataka Matema wakaone ziwa. Mara mojamoja inashuka Mbarali kwenye ile mbuga nyeusi ambayo mvua ikinyesha hata trekta linafikiria mara mbili. Nimeanza na haya yote kwa sababu ndiyo yaliyoamua nifunge nini.

Gereji niliyofungia iko hapahapa Mbeya mjini na kilichonifanya niwaamini ni kwamba yule fundi mkuu hakuniambia bei kwanza. Nilimwambia nataka kunyanyua, akaniuliza, "Kaka, tukihesabu wiki nzima, inatembea na mzigo siku ngapi na tupu siku ngapi?" Nikamjibu nusu kwa nusu. Akauliza mzigo kilo ngapi, nikamwambia magunia matano, akacheka akasema ya lumbesa au ya halali? Hilo ni swali la msingi kabisa. Gunia halali linatakiwa lisizidi kilo 100, kwa hiyo matano ni kilo 500, lakini ukiweka lumbesa tano, yale yaliyojazwa kupita kiasi, hujui tena una kilo ngapi, na springi haichaguliwi kwa kubahatisha. Baadaye akachukua futi akapima kila tairi, kutoka katikati ya habu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, akaandika namba nne kwenye karatasi. Kwa nini anaanzia kwenye habu na sio chini? Kwa sababu ukipimia chini, upepo wa tairi na uchakavu wake vinakudanganya, habu mpaka madigadi haidanganyi. Kama gereji yako haipimi kabla na baada, hutajua umepata nini kwa hela yako.

Nikajifunza pia kitu kuhusu seti hizi. Chapa nyingi zinazoaminika kwa gari za shughuli zinatoka Australia, Old Man Emu ya ARB, Ironman, Dobinsons, Tough Dog, na karibu zote zinauza springi za nyuma kwa uzito wa mzigo wa kudumu, yaani jani la gari inayotembea tupu au na mzigo mdogo, jani la katikati, na jani zito la gari ambayo mzigo haushuki kabisa, kwa mfano ina kanopi, tenki la maji na vifaa vya kazi muda wote. Mbele hivyohivyo, koili ya gari yenye bampa la kawaida sio sawa na koili ya gari yenye bampa la chuma na winchi. Sitaji niliyofunga maana ninayosema hapa yanahusu zote, ila ni seti kamili: koili mbili za mbele, shokapu nne ndefu kuliko za kiwandani, majani ya nyuma, bushi zake za raba, shakeli (kile kiungo cha kushikia mwisho wa majani kwenye chesisi) na yu-bolti mpya za kufungia majani kwenye difu. Nyuma nikachukua jani la katikati. Nilitamani lile zito, fundi akanikatalia, akasema kaka hilo ukitembea tupu utaumiza watu wa siti ya nyuma, na alikuwa sahihi, maana hata hili la katikati likiwa tupu kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi linarukaruka, mama yangu alilisikia mgongoni safari ya Tukuyu. Ndiyo tabia ya springi ya mzigo, inataka mzigo ili ilainike.

Sasa kusawazisha, hapa ndipo ushauri wa video za Marekani unapotupotosha watu wa huku. Kule pikapu tupu inakaa nyuma juu kidogo kuliko mbele, kiwanda kimefanya makusudi ili ikibebeshwa ishuke iwe sawa. Wao wengi wanatembea tupu, kwa hiyo wanaongeza urefu mbele tu mpaka gari iwe sawa, inapendeza. Ukifanya hivyo kwa gari ya viazi umeondoa ile akiba aliyokuachia aliyeitengeneza, ukibeba kilo 500 nyuma inazama, mbele inakuwa nyepesi, stelingi inalegea na taa zinaangalia mbinguni. Mimi nilisema wazi, nataka iwe sawa ikiwa na mzigo, tupu ikae vyovyote. Ndivyo ilivyo, tupu nyuma iko juu waziwazi na wengine wanasema imekaa vibaya, ila njoo uione ikiwa na magunia yake matano inavyoteremka Isyonje imetulia, pua haijapanda hata kidogo.

Springi mpya hata iwe nzito vipi haiongezi uzito ambao gari imeruhusiwa kubeba. Ekseli ni ileile, breki zilezile, beringi na tairi zilezile. Springi inazuia gari isizame, basi. Kuna watu wanafunga jani zito wanaona gari haishuki wanajaza tani moja na nusu, kisha breki zinachemka kwenye mteremko wa Iwambi wanashangaa.

Kuhusu spesa. Ni kile kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya shokapu ya mbele, bei ndogo, kazi ya nusu siku, gari inanyanyuka. Shemeji yangu alifunga kwenye Prado yake kwenye gereji moja ya mtaani, mwezi wa kwanza alifurahi sana, baadaye ikaanza kugonga mbele kila akitoka kwenye tuta, mara raba ya draivu shafti, ile shafti inayozungusha tairi la mbele, ikachanika grisi ikamwagika yote kwenye rimu kwa ndani, vumbi likaingia, jointi ikaanza kulia tak tak tak akikata kona. Sababu iko wazi ukiinama uvunguni. Spesa hairefushi shokapu, inaisogeza tu chini, kwa hiyo safari ya tairi kwenda chini inaliwa, tairi likining'inia kidogo tu mkono umefika mwisho unapiga. Halafu shokapu imefungwa katikati ya mkono sio pale tairi lilipo, kwa hiyo spesa ya milimita 25 juu kule inanyanyua gari zaidi ya milimita 25, mtu anadhani ameweka inchi moja kumbe amekaribia mbili na draivu shafti imekaa kwa pembe kali muda wote. Spesa nyembamba ya kurekebisha upande mmoja uliolala haina shida. Spesa ya kutafutia urefu kwenye gari ya shamba siikubali.

Nilikataa pia vitu vingine. Shakeli ndefu peke yake, maana inazungusha difu na kubadilisha pembe ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma. Vipande vya kunyanyua bodi kutoka kwenye chesisi, hivyo vinanyanyua kebini tu, chesisi na difu viko palepale, faida yake ni nafasi ya tairi basi. Mifuko ya hewa ya kusaidia springi ni mizuri kwa mzigo wa siku mojamoja, lakini inasukuma chesisi sehemu moja ambayo haikutengenezwa kusukumwa, dabo kebini yenye mzigo mzito nyuma kabisa na barabara mbovu chesisi inaweza kupinda. Jani la mtumba la kuongezea pale kwa wahunzi siwezi kulidharau, kama hela ndiyo hiyo na gari ni ya mzigo tu litakusaidia, ila shokapu yako itabaki fupi na kila ikitoka shimoni itavutwa mpaka mwisho mpaka ife.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawakwambii, na kwangu ni kubwa kuliko yote: springi hazinyanyui difu. Nyuma kwa Vigo, na mbele na nyuma kwa Land Cruiser 79, Patrol Y61 na Jimny, difu imekaa na matairi, unaweza kunyanyua bodi inchi nne lile tumbo la difu likabaki umbali uleule kutoka chini. Kinachonyanyua difu ni tairi peke yake. Njia za Kikondo mvua ikikolea Fuso zinachimba mifereji miwili mirefu na katikati linabaki tuta la udongo, na kinacholamba lile tuta ni difu. Kwa hiyo nilitoka 265/70R16 nikaenda 265/75R16. Ya kwanza ina kipenyo cha kama milimita 777, ya pili 804, tofauti ni 27, ukigawa mbili difu imepanda milimita 13 hivi. Ni kidogo, ndio, lakini ni 13 za kweli. Spidi mita nayo inasoma pungufu kwa asilimia 3 na kitu, ukiona 80 jua uko 82 au 83, na kwa tochi za trafiki barabara ya Tunduma hizo zinahesabika. Springi zimenipa nini basi? Zimenipa pembe ya kuingilia na kutokea, bampa halichoti udongo, uvungu wa katikati haukai juu ya tuta, na hilo tairi jipya lina nafasi ya kucheza bila kusugua madigadi.

Ufungaji ndio unaotofautisha gereji na gereji. Hawa walifanya vitu vitatu ambavyo vilinifanya nikae kimya niangalie. Kwanza bushi za raba za mikono ya mbele, hawakuzikaza gari ikiwa kwenye jeki. Walizishika kidogo tu, wakashusha gari chini, wakaitikisa ikakaa kwa uzito wake, ndipo fundi akalala chini na spana ndefu akakaza moja moja. Ukikaza mkono ukiwa umening'inia, raba inashikwa ikiwa imejisokota na gari ikishuka inakaa imesokotwa maisha yake yote, miezi michache imechanika na watu wanalaumu spea feki.

La pili ni ile valvu ya breki za nyuma. Vigo nyingi zisizo na ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) zina valvu juu ya chesisi yenye kifimbo kilichounganishwa na difu, gari ikishuka kwa mzigo kifimbo kinasukumwa na valvu inaruhusu breki ya nyuma ifanye kazi zaidi, gari ikiwa tupu inapunguza ili tairi za nyuma zisiburuzike. Ukinyanyua gari ukaiacha hivyohivyo, valvu inaamini gari iko tupu siku zote, unabeba nusu tani unashuka milima yetu hii breki za mbele zinabeba karibu kazi yote. Yule fundi alikisogeza kile kishikio kulingana na urefu ulioongezeka na akaenda kujaribu breki kwenye changarawe. Ukienda gereji uliza hili swali, kama anakuangalia kama hajakuelewa geuza gari. Palepale angalia na mipira ya breki, gari ikining'inia kwenye jeki mpira usiwe umevutika.

La tatu alaimenti, yaani kupanga pembe za tairi. Ukinyanyua mbele kwa gari yenye mikono, ile pembe inayofanya stelingi irudi yenyewe baada ya kona inapungua, na gari inaanza kutangatanga barabarani. Kwa inchi 2 yangu ilirekebishika kwenye bolti za kiwandani, wakanipa karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Ukizidi hapo mara nyingi unahitaji mikono mipya ya juu, na hiyo ni gharama nyingine, kwa hiyo anayekwambia inchi 3 au 4 kwenye Vigo au Prado mwambie akutajie bei pamoja na mikono. Taa nazo zishushwe siku hiyohiyo.

Kasoro? Zipo. Wiki ya kwanza nikiondoka na gia namba moja gari ilikuwa inatetemeka kwa chini, sekunde mbili tatu halafu inatulia. Dabo kebini ina propela ya vipande viwili na beringi katikati, nyuma ikipanda pembe za zile krosi, viungo vya propela, zinaharibika. Nikarudi, wakashusha kile kishikio cha beringi ya katikati kwa washa nene, mtetemo ukaisha wote na hawakunitoza, lakini hawakuniambia mapema kwamba kinaweza kutokea, na walitakiwa waniambie. Walinirudisha tena baada ya kilomita 500 kukaza yu-bolti, na kweli zilikuwa zimelegea kidogo, kwa hiyo usidharau hiyo safari ya pili. Kilichoniudhi ni kusubiri mzigo kutoka Dar, niliambiwa siku chache ikawa wiki na wiki, na kila nikipiga simu lori liko Makambako.

Kuendesha sasa. Mlima Kitonga nimeupita nayo kwenda na kurudi Dar, kwenye zile kona lazima ukubali kwamba gari iliyonyanyuliwa inalala zaidi, shokapu nzuri zinapunguza haziondoi, mimi nimepunguza mwendo kwenye kona tangu siku ile na ndivyo inavyotakiwa. Mafuta yameongezeka, sio sana, upepo na tairi nzito vinakula hasa kwenye lami ya kwenda Makambako. Lakini tope la Kikondo, jamani, hapo ndipo hela yangu naiona. Zamani kwenye mashimo yenye mzigo ilikuwa inashuka mpaka inagonga zile raba za kuzuilia, du, du, unasikia chesisi inalalamika. Sasa inashuka polepole inapanda polepole, mara moja tu, haichezi mara tatu. Viazi vyenyewe vinafika havijachubuka, na mnunuzi wa pale sokoni anajua tofauti.

Mwenye Prado ya familia ambayo inapanda Kitulo mara mojamoja kuona maua, usifunge ninachofunga mimi. Wewe shokapu nzuri mpya na koili ya kiwandani au yenye sentimita chache zaidi zinatosha, na tairi lenye meno. Mwenye Land Cruiser 100 ile ya mikono mbele, hiyo haina koili mbele ina toshenba, fimbo ya chuma inayojisokota kufanya kazi ya springi, fundi anaweza kuikaza ikapanda bila kununua kitu, lakini akiikaza sana inakuwa ngumu na inafika mwisho kwa chini kama ile ya spesa. Mwenye Jimny jua kwamba ukinyanyua, ile fimbo ya pembeni inavuta ekseli nzima upande mmoja, inabidi fimbo inayorekebishika.

Bei sitaandika maana inatembea na dola, ila kwangu seti na ufundi vilizidi bei ya tairi nne mpya, na tairi nilinunua pia. Omba bei kwa maandishi ikiwa na ufundi, alaimenti na ile safari ya kukaza tena. Springi zikifika angalia namba iliyoko kwenye springi yenyewe ifanane na ya boksi, koili mbili za mbele zisichanganywe. Na kama unategemea gari kwa mvua za mwaka huu agiza mwezi wa tisa, mvua zikianza Novemba kila mwenye pikapu anakumbuka suspensheni na foleni pale gereji inafika barabarani.